Maneno ya Katikati ya Nyimbo

Mama wa mwimbaji wetu alinipigia simu Jumatano moja, wiki saba baada ya sisi kumzika mwanawe. Hakusema ananiitia nini. Aliuliza tu kama ile kompyuta yangu bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya.

"Basi kuja Jumapili," akasema. "Na usikuje na huyo mwalimu. Kuja peke yako."

Mimi ni fundi wa redio na televisheni mjini Eldoret. Shule nilifika kidato cha pili. Kwa miaka kumi na mbili nilipiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu watatu, na mimi ndiye niliyerekodi kila kitu tulichotoa: albamu mbili zilizokamilika na ya tatu ambayo haikuisha. Aliyekufa ni mwimbaji wetu, ambaye pia alipiga gitaa na kutunga nyimbo zote. Mwalimu ni mpiga ngoma. Anafundisha shule ya msingi, na Jumapili hupiga ngoma kanisani, taratibu, kama mtu mwingine kabisa. Jina la bendi sitaliandika. Lilikuwa la Kiingereza, na hata sisi wenyewe hatukuwahi kukubaliana maana yake.

Nyimbo zote tulizirekodi kwa huyo mama, kule Kiplombe nje ya mji, ndani ya stoo yake ya mahindi. Mwanzoni tulijaribu dukani kwangu, lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na mhubiri mwenye spika, na kila nilipofungua nilichorekodi nilimkuta humo akiwaita watu watubu. Tukajaribu chumba cha mwimbaji, mvua ikatushinda juu ya mabati. Halafu Desemba moja mama yake alimtuma stoo kuleta debe. Alipiga kofi moja kubwa kufukuza panya, na lile kofi likafia hapo hapo. Halikurudi. Akatoka mbio bila debe, akanipigia simu. Magunia yalikuwa yamepangwa pande tatu mpaka karibu na paa, na gunia lililojaa mahindi hunyonya sauti kuliko blanketi yoyote.

Kwa hivyo bendi yetu ilikuwa na msimu, kama shamba. Tulirekodi kuanzia mahindi yakishakauka na kuingizwa, mpaka siku lori la mnunuzi lije. Baada ya hapo hatukuwa na studio. Albamu ya kwanza ilijiwa na lori kabla hatujamaliza. Nyimbo nne za mwanzo zina sauti nzito, ya karibu, kama mtu anakwambia jambo sikioni. Mbili za mwisho zinalia kana kwamba tuko ndani ya tangi la maji. Watu walidhani tulifanya makusudi. Mwalimu alipenda kusema albamu ile inaanza tukiwa tumeshiba na inaisha tukiwa na njaa.

Albamu ya pili ndiyo iliyotutoa nje ya mji kidogo. Mtangazaji wa redio moja ya Nairobi alicheza wimbo wetu katika kipindi chake cha roki, na sisi watatu tulikuwa tumejibana dukani kwangu tukisikiliza redio ya mteja, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Mtangazaji akasema hii bendi inatoka Eldoret, mji wa wakimbiaji. Mwimbaji akaijibu redio, "Sisi ni wale walibaki wakiwashikia majaketi." Tulicheka hadi tukakosa kusikia mwisho wa wimbo wetu wenyewe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliongea kupita kiasi. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, pana, ya kujaza chumba bila kupaza, na hiyo sauti hakuwahi kuimba nayo. Akiimba alipiga mayowe. Ile nyingine aliiweka kwa ajili ya kuongea.

Na kazi yangu mimi ilikuwa kuifuta.

Tuliiita kupepeta. Neno hilo tulilipata pale pale, kwa sababu mama alikuwa akipepeta maharagwe nje ya mlango huku sisi ndani tukigombana na nyaya. Wimbo mmoja tuliweza kuurudia mara kumi au kumi na tano. Kati ya mara moja na nyingine watu wanakohoa, wanakunywa chai, wanatupiana maneno. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu na nafasi yake ndogo. Jioni, kabla ya kufunga vyombo, nilipitia kila tulichorekodi nikitoa kisichokuwa muziki. Pumzi kabla ya wimbo, ninatoa. Mzaha, ninatoa. Mwimbaji mwenyewe alikuwa akimaliza kumwigiza naibu wa chifu anavyohutubia kuku wake, ananigeukia na kusema, "Pepeta hiyo." Nami ninapepeta. Nilijivunia kazi hiyo. Fundi wa redio amezoea kuchukia kelele isiyo na kazi, na nadhani niliifanya vizuri kuliko nilivyopiga besi.

Msimu wa albamu ya tatu alianza kukohoa. Tulisema ni vumbi la stoo, na ile dawa ya kuzuia fukusi. Kwa wiki kadhaa nilipepeta kikohozi chake bila kufikiria chochote. Halafu akaanza kuacha ugali. Chai anakunywa, uji anakunywa, ugali anausukuma kando. Mwalimu akamtania kwamba anapunguza mwili kwa ajili ya mashabiki, naye akacheka. Alipoenda hospitali kule Plateau walimtuma mjini kwa vipimo zaidi, na ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya chakula. Miezi minne ya mwisho sauti yake ilikuwa mnong'ono. Ukitaka kumsikia lazima uiname. Mama yake aliinama miezi minne.

Kwenye mazishi kwaya iliimba. Nyimbo zake hazikuchezwa. Mzee wa kanisa aliniuliza, kwa upole, kama kuna hata wimbo mmoja ambao hapigi kelele, ili tuucheze kabla ya mahubiri. Nilifikiria sana. Haukuwepo.

Jumapili hiyo niliyoitwa, mama aliniwekea chai ya maziwa na viazi vitamu, akakaa ng'ambo ya meza.

"Nimesikiliza hizo nyimbo zenu," akasema. "Binti yangu amenifungulia kwa simu yake. Nimesikiliza zote."

"Asante, Mama."

"Usiniambie asante. Huyo si mtoto wangu. Huyo ni mtu anapiga kelele." Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka tayari. "Mimi nataka akiongea. Kuongea tu, vile alikuwa anaongea kabla ya ugonjwa. Nikijaribu kumkumbuka nasikia ile ya mwisho, ile ndogo. Ile kubwa imenipotea. Na wewe ulikuwa unarekodi huko stoo kila siku. Lazima uko nayo."

Ningeweza kumwambia nitatafuta. Ningeweza kusingizia kompyuta. Lakini nilikuwa nimekunywa chai ya huyo mama kwa miaka kumi na mbili.

"Mama, nilikuwa natoa."

"Unatoa nini?"

"Maneno. Wakiongea katikati ya nyimbo, nilikuwa nafuta ili nibaki na muziki."

"Yote?"

"Yote."

"Hiyo miaka yote?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunigombeza. Alichukua kikombe changu akakijaza tena, ingawa nilikuwa sijafika nusu.

"Sasa wewe," akasema, "ulikuwa unaweka makapi unamwaga maharagwe."

Nilimuuliza kuhusu simu ya marehemu. Alisema wameshaitafuta yote. Ujumbe alikuwa akiuandika; wa sauti hakutuma, hakupenda kuongea na simu mbele ya mdomo kama anayetafuna mkate. Video zilizokuwepo zilikuwa za maonyesho, na humo alikuwa akiimba. Niliondoka nikiwa na nusu ya viazi vile kwenye mfuko wa plastiki, maana hakuniruhusu niende mikono mitupu hata siku hiyo.

Siku tatu sikufungua kompyuta. Ya nne, nikiwa dukani nabadilisha spika ya redio ya mtu, nikakumbuka ngoma.

Tulikuwa tukipiga pamoja wote watatu, lakini gitaa na besi ziliingia kwenye kompyuta kwa waya, tukizisikia masikioni tu, sauti na ngoma zikawa na maikrofoni zao, na kompyuta ilihifadhi kila kimoja peke yake. Nilipepeta gitaa, nikapepeta besi, nikapepeta sauti. Ngoma sikuwahi. Zile sahani za shaba huendelea kulia baada ya mpigaji kuacha, na ukikata katikati ya mlio sikio linashtuka, kama mlango umefungwa kwa upepo. Kwa hivyo ngoma niliziacha kama zilivyo, mwanzo hadi mwisho. Na maikrofoni iliyoning'inia juu ya ngoma ilikuwa ikisikia kila mtu aliye ndani ya stoo.

Ngoma za albamu mbili za kwanza nilikuwa nimeshazifuta kupata nafasi. Za albamu ya tatu zilikuwepo.

Nilinyamazisha vyombo vingine vyote, nikavaa vipokea sauti masikioni. Mwalimu akapiga wimbo mzima bila gitaa, bila besi, mayowe yakisikika kwa mbali tu. Ukaisha. Sahani zikabaki zinatetemeka. Halafu kwa mbali, nyuma ya mtetemo huo, mtu akauliza, "Nani amekunywa chai yangu?"

Ilikuwa ile kubwa.

Mteja aliyekuja kuchukua redio yake alisimama kaunta akiniangalia. "Fundi, umepata habari mbaya?" Nikamwambia hapana. Nikampa redio. Baadaye alirudi kuniambia nimemfungia bila spika.

Nilifanya kazi hiyo mchana kwa karibu wiki mbili, kati ya wateja. Nilikusanya kama dakika arobaini. Analalamika kuhusu mvua. Anasimulia ng'ombe wa jirani aliyevunja ua akaingia kwenye sukumawiki. Anambishia mwalimu kwamba nyanya si tunda. Anakohoa pia, na vikohozi sikuvitoa. Nilikuwa nimejiapia kwamba safari hii sitatoa kitu.

Halafu nikafika siku moja ambayo mimi sikuwa ndani. Stima ilikuwa inayumba na nilikuwa nimetoka kuangalia waya uliotoka nyumba kubwa. Nasikika nikifungua mlango wa stoo, nikiufunga. Kisha mwimbaji anasema:

"Besi ya leo umeisikia?"

"Nimesikia," mwalimu anajibu.

"Huyu jamaa akipiga ni kama anavuta ng'ombe hataki kuingia josho. Sisi tumeshafika, yeye bado ako kwa geti."

Mwalimu anacheka, na mguu wake unagusa ngoma kubwa bahati mbaya. "Mashine ni yake, bana."

"Hiyo ndio shida. Wacha albamu iishe, tutamwambia polepole. Kuna jamaa wa Langas anapiga vizuri sana."

"Na nani atamwambia?"

"Wewe. Si wewe ndio mwalimu? Umezoea kupeana matokeo."

"Sitaki."

"Hata mimi sitaki. Halafu kuna mama. Mama anampenda huyo kuliko mimi. Tukimtoa hatatupatia chai tena."

Mlango unafunguka. Nasikika nikisema stima iko sawa. Na yeye, kwa sauti ile ile ya joto, anasema, "Karibu, mzee wa kazi! Tulikuwa tunakungoja wewe." Anahesabu moja, mbili, tatu, na wimbo unaanza.

Nilisikiliza mara nne. Sitaandika kwamba haikuniuma. Iliniuma kifuani, mahali nilipofikiri pameshaisha kuumia mwaka huo. Nilichukia zaidi yale makaribisho kuliko yale matusi. Halafu nikafanya jambo la kifundi: nikawasha besi pamoja na ngoma, nikazisikiliza hizo mbili peke yake. Alikuwa amesema kweli. Ninachelewa. Si sana, lakini kila mara, na kila mara kwa kiasi kile kile. Miaka kumi na mbili nilikuwa nikisafisha kila kitu isipokuwa hicho. Albamu haikuisha, kwa hivyo hakuna aliyeniambia.

Na nilikata. Hilo nataka nilikiri. Nilitengeneza nakala ambayo sehemu hiyo haimo, kutoka mlango wa kwanza hadi mlango wa pili. Mshono ulisikika kidogo, ile sahani ikanyamaza ghafla, lakini mama asingejua.

Mwalimu alikuja dukani siku iliyofuata akitoka shule, chaki bado iko kwenye mkono wa koti. Nilimpa vipokea sauti. Niliona uso wake ukifika pale.

Akavivua polepole. "Pepeta hiyo, bana. Mama hana haja na hiyo."

"Mlikuwa mnanitoa kweli?"

"Yalikuwa tu maneno ya vijana."

"Wewe ulikuwa na miaka thelathini na nane."

Akatazama redio zangu kwenye rafu, moja baada ya nyingine, kana kwamba anatafuta ya kununua. "Ilikuwa kweli," akasema. "Kidogo."

"Sawa."

"Lakini hata mimi alikuwa anataka kunitoa. Aliniambia wewe ndio utaniambia."

Hapo nilicheka, sikutaka lakini nilicheka, na yeye akacheka, kisha akalia, mwalimu mzima, akijifuta kwa ule mkono wa chaki mpaka mashavu yakawa meupe. Alipoondoka alishika mlango. "Toa tu," akasema tena. "Atakuonea huruma bure."

Nilikaa na hilo neno. Ilikuwa kweli sikutaka kuonewa huruma na mama wa marehemu, wala sikutaka ajue kwamba yule aliyekuwa akimmegea kipande kikubwa cha viazi ndiye mzigo wa bendi. Lakini katika dakika zile arobaini kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtoto wake anamtaja. Pamoja tu. Huko kwingine ni mvua na ng'ombe na nyanya. Nikiondoa langu, ninaondoa na lake. Nilikuwa nimeshamfanyia hivyo mara moja bila kujua. Mara ya pili ningekuwa najua.

Nilifuta ile nakala.

Jumamosi alasiri niliweka kompyuta kwenye meza yake na spika ndogo pembeni. Alikuwa amevaa sweta nzuri, ile ya kanisani. Alikuwa amewatuma wengine wote shambani.

"Mama, kabla nifungue. Kuna mahali ananisema."

"Anakusema vibaya?"

"Ndiyo."

"Basi ni yeye," akasema. "Fungua."

Sauti ilipotoka mara ya kwanza, ikiuliza nani amekunywa chai yake, mama aliinama kuelekea spika, mkono nyuma ya sikio. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akatambua kwamba haina haja, akainuka taratibu akaegemea kiti, na mkono ukashuka mapajani. Alisikiliza mvua. Alisikiliza ng'ombe wa jirani, akatikisa kichwa. Kwenye nyanya akasema, "Ubishi." Kikohozi kilipokuja alifunga macho, na kilipoisha akayafungua. Sikumwangalia sana. Niliangalia ile mistari ya kijani kwenye kompyuta ikipanda na kushuka.

Mlango wa stoo ukafungwa. Nilijua tumefika.

Kwenye josho alipasuka kicheko, akajipiga goti, kisha akanikumbuka na kuziba mdomo. "Pole," akasema kutoka nyuma ya kiganja. "Pole, mtoto wangu. Lakini vile anasema!"

"Ni kweli, Mama. Nachelewa."

"Nyamaza nisikie."

Mwalimu alisema hataki. Mwimbaji akasema hata yeye hataki. Halafu akasema lile la mama.

Mama aliacha kucheka. Aliiangalia spika kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Nani alikwambia?" akaiuliza. "Eh? Nani alikwambia nampenda kuliko wewe?" Akaongeza maneno ya Kikalenjin, marefu, ambayo sikuyaelewa yote, kwa sauti ya kumgombeza mtu aliye chumba cha pili, asiyetoka kitandani na jua limeshapanda. Hakunigeukia hata kidogo. Huko ndani ya spika nilikuwa nimesharudi na habari za stima, nimeshakaribishwa, na mwimbaji alikuwa akihesabu hadi tatu. Gitaa halikuwepo, ngoma tu, na kwa mbali yale mayowe.

Mama akainua mkono. "Zima. Hapo sasa ameanza."

Nikazima. Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya dirisha. Alikaa akivuta uzi uliochomoza kwenye sweta, na nilifikiri tumemaliza, nikaanza kukunja waya.

"Unaenda wapi? Rudisha."

"Wapi, Mama? Mwanzo?"

"Hapana. Pale pa chai."

Nilirudisha. Ilinibidi nipitie tena josho na geti na yule jamaa wa Langas, na mara hii hakucheka, alikuwa akingoja. Sauti kubwa ikajaa jikoni, ikasema mama anampenda huyo kuliko mimi, ikasema tukimtoa hatatupatia chai tena.

"Chai iko," mama akamwambia.

Nikairudisha tena kabla hajaniambia.